Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jumatatu, 30 Juni

Daftari hili si langu. Ni la kaka yangu Gershom. Ninaandika humu kwa kuwa kurasa safi zimebaki nyingi na mchwa wa nyumba hii hawana adabu.

Kurasa arobaini za mwanzo ni vitenzi vya Kijerumani. Kila kitenzi kina ukurasa wake: kilikotoka, maana yake, jinsi kinavyogeuka kwa kila nafsi na kila wakati, na chini kabisa sentensi moja ya mfano aliyoitoa katika maisha yetu. Kwenye ukurasa wa kitenzi cha kula ameandika kwamba Tamar anakula samaki wote na kumwachia miiba. Tamar ni mimi, na ule ni uongo.

Ukurasa wa arobaini na moja haupo. Umechanwa, tena si kwa hasira: umekunjwa kwanza, ukapitishwa ukucha, ndipo ukatolewa. Orodha ya mwanzoni inasema: 41, bleiben, kubaki. Baada ya hapo hakuna kitu.

Tulijiandikisha pamoja, mimi na yeye, ili tukasome uuguzi Ujerumani. Tarehe 19 Agosti mwaka jana, saa saba mchana, alivuka mto kwa mtumbwi na hakurudi. Kesho yake mtumbwi ulionekana umelala kifudifudi kwenye kona ya mto. Yeye hakuonekana, wala shati lake, wala kiatu. Mama amekataa matanga. Anasema hawezi kumlilia mtoto ambaye hajaona alipolala, na kila jioni anapakua sahani yake na kuifunika kwa kawa.

Mtihani wangu ni tarehe 13 Septemba, Mombasa. Nikifaulu nitaondoka. Lakini nitamwachaje mwanamke anayempakulia mtu asiyekuja? Nataka kujua kaka yangu yuko wapi. Sitaki kingine msimu huu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimepanda dungu. Ni jukwaa la miti minne katikati ya mpunga wetu, karibu na ukingo wa mto, na mlinzi hukaa juu kutwa akifukuza ndege kwa kelele na kombeo. Mpunga unaanza kuingia maziwa, na kwelea wanaijua siku hiyo kuliko bwana shamba. Kazi hii ilikuwa ya Gershom. Kwa kuwa ndipo mahali pekee bondeni penye mtandao, alikuwa habanduki hata kwa chakula.

Ijumaa, 4 Julai

Sauti imekauka. Ndege hawana habari.

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimefanya alichokuwa akifanya yeye. Watu wengine wakifukuza ndege wanapiga mayowe yoyote yanayowajia. Gershom alikuwa akipiga vitenzi. Ich bleibe, nabaki, na bonge la udongo linaruka. Du bleibst, unabaki, na jingine. Mwaka jana nilimcheka sana, nikamwambia ndege wa Garsen watapata cheti kabla yake. Sasa ni mimi niliye juu ya miti minne nikiwafokea viumbe wa Mungu kwa Kijerumani, na lazima nikiri kwamba wanaruka.

Kuna desturi ya walinzi. Ukipiga kelele, dungu la jirani lazima likuitikie, ili ujue mwenzako hajasinzia wala hajaumwa na nyoka. Nilipokuwa mdogo palikuwa na madungu saba kwenye bonde letu, na sauti zilizunguka kutwa. Mto ulipobadili njia, majirani walihamia kwenye viwanja vya kule barabarani, likabaki la kwetu peke yake. Ninapiga na hakuna wa kuitikia. Gershom alikuwa akisema yeye anaitikiwa. Nilidhani anasema mwangwi.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwuliza mwalimu Martin kuhusu namba 41. Mwalimu Martin anafundisha watu thelathini Kijerumani kwa simu kutoka Kisauni na huwa na haraka, lakini leo amenitumia sauti ya dakika nne nzima. Nadhani anajua ninauliza kwa niaba ya nani.

Anasema neno hili ni la kale mno. Mababu wa Wajerumani walilitamka bilīban, na shina lake la mbali zaidi lilikuwa na maana ya kunata, kama mafuta yanavyonata kidoleni. Kinachonata ndicho kinachobaki. Katika shina hilohilo wakapata leben, kuishi, na Leib, mwili. Kubaki, kuishi na mwili, anasema, ni watoto wa nyumba moja. Nilizima simu hapo kwa muda. Sisi mwili hatuna, kama anaishi hatujui, na kubaki ndiyo kazi yetu ya kila siku.

Ninaandika hapa ili ukurasa usiwe na pengo. Sasa: ich bleibe, du bleibst, er bleibt, wir bleiben, ihr bleibt, sie bleiben. Wakati uliopita: ich blieb, du bliebst, er blieb. Na ule uliotimia ni geblieben, ambao hausaidiwi na haben (kuwa na) kama vitenzi vingi bali na sein (kuwa), pamoja na vitenzi vya kwenda, kuja na kusafiri. Nilimwuliza mwalimu kwa nini kitenzi kisichosogea hata hatua moja kimepangwa na wasafiri. Akasema wakati mwingine lugha inajua jambo ambalo wenyewe wamelisahau. Jibu la mtu asiyejua, lakini nimelipenda.

Sentensi ya mfano sijaandika. Sina.

Ijumaa, 11 Julai

Mama ameniuliza kama mwenzangu, Gershom, ameshakula. Nimesema ndiyo. Mungu anisamehe.

Jumapili, 13 Julai

Wafugaji wamerudi ng'ambo. Kiangazi kimewasukuma kutoka nyika, na tangu jana vumbi la ng'ombe linapanda juu ya miti ya mikoma. Kanisani hapakuzungumzwa lingine. Baba mdogo Zachary, mdogo wake marehemu baba, alisimama nje ya mlango na kuuliza kwa sauti kama ni halali wauaji kunywesha ng'ombe mbele ya mama wa marehemu. Mama alimjibu kwamba hapa hakuna marehemu, akaondoka na biblia yake kwapani.

Hoja ya Zachary ni moja na anairudia kila siku. Siku ya tatu baada ya mtumbwi kuonekana, yeye na wanaume wetu walivuka na mapanga kumtafuta Gershom. Walikuta kambi ya wafugaji imehamwa na majivu bado yana moto. Mtu asiye na hatia, anasema, hahami alfajiri.

Nami naamini hivyo, nisiwe mnafiki katika daftari langu mwenyewe. Nawaangalia kutoka kwenye dungu na moyo wangu unakuwa mgumu.

Alhamisi, 17 Julai

Ndege wengi. Mkono wa kombeo umevimba. Kipimo cha mazoezi: alama hamsini na nane kwa mia. Hazitoshi; kufaulu ni sitini.

Jumanne, 22 Julai

Lazima niandike polepole.

Ilikuwa saa sita, jua kichwani, upepo hakuna. Kundi lilishuka upande wa mto, nikasimama, nikapiga: ich bleibe. Nikavuta pumzi ya kupiga la pili, na kabla sijafungua mdomo likapigwa kutoka ng'ambo. Sauti nyembamba, ya mbali.

Du blaibisti.

Gershom hakuweza kamwe kulimaliza neno lile inavyotakiwa. Ulimi wetu haupendi konsonanti zilizopangwa foleni, kwa hiyo alizichomekea irabu, na mwalimu Martin alimcheka mbele ya watu thelathini. Alicheka naye. Akaendelea kusema blaibisti mpaka siku aliyoondoka.

Nilishuka bila kutumia ngazi. Kandambili moja imebaki topeni, na sitarudi kuifuata leo.

Jumatano, 23 Julai

Hakuna.

Alhamisi, 24 Julai

Hakuna. Nimepiga vitenzi vyote arobaini. Ndege wamekula kona ya kusini mimi nikiwa nimetega sikio.

Jumamosi, 26 Julai

Imekuja tena. Nilipiga er bleibt, anabaki, ikaitika wir bleiben, tunabaki, na kimya. Hakuna mtu ukingoni, ni mikoma tu na njia ya ng'ombe. Nilishika mti wa dungu, nikakaa. Nilijiambia kwamba kama ni yeye, simwogopi, na kama si yeye, nataka kujua amelipata wapi neno la kaka yangu.

Jioni nilimweleza Mama akiwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Ukiitwa na mtu usiyemwona, usiitike mpaka aite mara ya tatu," alisema. "Wafu hawana pumzi ya mara ya tatu."

"Mama, mimi ndiye ninayeita. Yeye anaitika."

Mkono wake ulisimama kwenye ungo. "Ameitika mara ngapi?"

"Mbili."

Akainuka, akafunua sahani ya Gershom na kuongeza mchuzi. Nilitoka nje. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani kati yetu watatu.

Ijumaa, 1 Agosti

Mama amekuja shambani. Magoti yake mabovu, lakini alipanda ngazi ya dungu akinisukuma mkono kila nilipotaka kumsaidia. Akakaa. Nikapiga ich bleibe, na baada ya muda sauti ikaja, mara ya tatu, na irabu zake zilezile. Mama alifumba macho na kusikiliza mpaka ilipokatika.

Kisha akasimama, akashika mti na kuita, "Gershom! Gershom mwanangu!" Sijawahi kumsikia Mama akipiga ukelele. Ng'ambo pakanyamaza. Tulingoja mpaka kivuli cha dungu kikahama.

"Si yeye," alisema. "Gershom nikimwita mimi angeitika."

Leo hakupakua ile sahani. Nilidhani siku hii ikifika nitafurahi, kumbe nimekaa nyuma ya jiko nikilia.

Jumanne, 5 Agosti

Baba mdogo Zachary ameisikia habari ya sauti, maana kijiji hiki hakina ukuta. Ameikata kesi papo hapo. Ni watoto wa wafugaji wanatudhihaki, anasema, wamemuua na sasa wanamwigiza. Tarehe 19, siku ya kutimia mwaka, atavuka na wanaume saa tatu asubuhi. Nilimwuliza atavuka kufanya nini. Alisema, "Kuuliza." Panga lilikuwa begani.

Wenye umri wake wanaukumbuka mwaka ule wa fujo kati yetu na wafugaji, na hawautaji. Mimi nilikuwa shule ya msingi na nakumbuka moshi tu. Zachary alipoteza nyumba. Huwa nasahau hilo ninapomkasirikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Alama sitini na nne.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda Garsen kuchapisha barua ya mtihani. Nje ya duka palikuwa na wanawake wa kifugaji wanauza maziwa kwenye madumu. Nilipita nimeangalia pembeni kama kawaida yangu. Kisha nikarudi nikasimama mbele yao, nikanunua maziwa ambayo sikuwa na kitu cha kuyabebea. Mmoja, mzee sana, alinikopesha dumu lake dogo bila kuniuliza naitwa nani.

Ijumaa, 15 Agosti

Mpunga umeanza kuinama.

Jumatatu, 18 Agosti

Kesho Zachary anavuka, kwa hiyo leo niliamua kuuliza mimi kwanza. Nilimwuliza kwa Kijerumani yeye ni nani. Kimya. Nilimwuliza kwa Kiswahili. Kimya. Nikaelewa kwamba anaitikia kitu kimoja tu, na kwamba wakati ule mwingine wa kitenzi sijaupiga hata siku moja kutoka juu ya dungu. Nilikuwa nauogopa. Wakati uliopo unaweza kuupiga kutwa na hakuna anayekufa.

Nilipiga: er blieb. Alibaki.

Muda mrefu ukapita, na nikaanza kukusanya vitu vyangu. Ndipo ikaja, safari hii imevunjika katikati. Er ist geblieben. Amebaki. Nikamwona. Alitoka nyuma ya mikoma akasimama ukingoni, msichana mwenye ushungi wa manjano, umri wake labda miaka kumi na minane, mikono imekizunguka kinywa.

"Dada," aliita, kwa Kiswahili. "Kesho asubuhi mapema njoo malka. Njoo na mama. Wanaume hapana."

Malka ni njia yao ya kushusha ng'ombe mtoni. Iko chini ya kona, ng'ambo, nusu saa kwa mtumbwi. Chini ya kona. Wanaume wetu walitafuta siku tatu juu ya kona na ng'ambo ya kona, kwa kuwa ndipo mtumbwi ulipokuwa.

Nimemweleza Mama. Ameoga na kutoa gauni lake la kanisani.

Jumanne, 19 Agosti

Tuliondoka kabla jua halijapata nguvu. Mama alikuwa hajagusa maji ya mto kwa mwaka mzima; alikuwa akituma watu. Aliingia mtumbwini akakaa katikati, mkoba mapajani, mimi nikapiga kasia. Viboko watatu walikuwa mbali, kwenye maji mengi. Aliwatazama mpaka tukawapita.

Msichana alikuwa anatungoja malka pamoja na baba yake, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina na fimbo mkononi. Fimbo aliiweka chini kabla hatujashuka. Msichana anaitwa Barwako na mzee ni Jibril. Barwako alitaka kumshika Mama mkono ashuke, akasita, na Mama akamshika yeye.

"Mama Gershom," alisema Jibril, "Kiswahili changu ni cha sokoni. Nitasema kidogo, huyu atasema mengi."

Barwako alisema akiangalia miguu yake. Mwaka jana, siku alizokuwa akinywesha ndama, alimsikia mtu juu ya dungu anapiga maneno ambayo si ya lugha yoyote aliyoijua. Aliyaitikia kwa mchezo. Yule mtu akafurahi, akawa anapiga moja na kumwachia la pili. Msimu mzima walifundishana hivyo bila kuonana uso, mto katikati, mpaka akayajua yote kwa mdomo. Shule aliiachia darasa la nne. Siku moja akamwuliza kwa kupiga kelele: hayo maneno yakiandikwa yanakaaje? Naye akajibu: kesho nitakuletea uone.

"Mimi ndiye niliyeomba," alisema. "Alivuka kwa sababu yangu. Nilimwona akija. Kiboko alitoka chini ya mtumbwi. Nilipiga kelele nyingi, dada, lakini kwetu hakuna anayejua kuogelea."

Siku ya pili jioni mto ulimleta wenyewe, hapa malka, mahali ng'ombe wanakunywa.

Mama alikuwa bado amesimama. "Nani alimtoa?" aliuliza.

"Mimi na ndugu yangu," alisema Jibril.

"Nani alimwosha?"

"Sisi wanaume. Nilijua si Mwislamu. Lakini mtu hawezi kukaa chini kama mti ulioanguka. Tulimwosha, tukamwombea vile tunajua, tukazika siku ileile. Sanda hatukuwa nayo. Mama yangu alikuwa na yake, amejiwekea miaka mingi kwa siku yake. Alisema mpeni huyu, mimi bado natembea."

"Na hamkusema," nikasema mimi. Sauti yangu ilitoka vibaya. "Mwaka mzima. Mama yangu anapakua chakula mwaka mzima."

Jibril hakujitetea. "Kesho yake nilisikia watu wanakuja na mapanga," alisema. "Nikafikiri: nikisema nimemzika, wataniuliza nani alimuua. Mwaka ule wa vita mimi nilizika watoto wangu wawili, na ulianza na maneno kama hayo. Nikaogopa, nikahama. Nikasema msimu ujao. Msimu ukaja, nikaogopa tena. Huyu binti ndiye alikataa. Alisema kama baba hataki kusema, yeye ataitika."

Walitupeleka juu ya ukingo, mahali maji ya mafuriko hayafiki. Kaburi limezungushiwa boma la miiba ili ng'ombe wasilikanyage. Miiba ilikuwa mibichi, imebadilishwa majuzi. Mama alipiga magoti nje ya boma, Barwako akaivuta miiba kwa mikono mitupu na kumfungulia. Kilio cha Mama kilikuwa cha mwaka mmoja na kilitoka chote. Nami nililia. Sitaandika zaidi juu ya hapo.

Barwako alinipa mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ulikuwa mfukoni mwake Gershom, na maji hayakuingia. Ndani ulikuwa ukurasa wa arobaini na moja, umekunjwa mara nne. Bilīban limo. Kunata kumo. Nafsi zote sita zimo, kwa ile hati ndogo iliyonyooka, na chini sentensi ya mfano: Tamar geht nach Deutschland. Ich bleibe bei Mama. Tamar anakwenda Ujerumani. Mimi nabaki na Mama.

Hakuwahi kuniambia. Alijiandikisha nami, akasoma nami, akanipita kwa alama, na alikuwa ameshaamua kubaki.

Zachary na wanaume walifika saa tatu na ushei, mitumbwi minne. Jibril alisimama pale alipokuwa, akaiacha fimbo chini. Mama alitoka kwenye boma na gauni lake la kanisani likiwa na vumbi, akaenda kusimama kati yao. Aliwaeleza yote kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa. Zachary alitazama miiba, kisha kaburi, kisha mzee.

"Basi tuombe kibali tumfukue," alisema. "Akazikwe kanisani, na watu wake."

"Hapana," alisema Mama. "Ameoshwa, amefunikwa, amewekewa mlinzi. Nimeona alipolala. Abaki hapa." Akajifuta uso kwa upindo wa leso. "Wewe Zachary nenda kaniandalie matanga. Nimechelewa."

Alhamisi, 21 Agosti

Matanga. Baba mdogo Zachary ametoa beberu wake mkubwa. Asubuhi alimvusha mtoni akiwa hai, ili Jibril amchinje na watu wa pande zote mbili waweze kula chungu kimoja. Panga alilokwenda nalo Zachary alimkabidhi Jibril kwa mpini. Sikumwambia kwamba nimeona.

Jumatano, 27 Agosti

Tunavuna. Kona ya kusini hakuna kitu, na kosa ni langu.

Jumamosi, 30 Agosti

Mama alikwenda Garsen, akarudi na kitambaa cheupe kipya, kizuri. Nimemvusha akampelekee mama yake Jibril. Ni yule bibi wa maziwa. Nilimtambua mara moja, na dumu lake nilikwenda kulichukua nikamrudishia kwa aibu. Walikaa kutwa nje ya nyumba yake, bila lugha moja ya kuzungumza, wakakipima kile kitambaa na kukikunja. Bibi alijipima kifuani akacheka. Mama naye alicheka.

Jumamosi, 6 Septemba

Alama sabini na moja. Nimewaambia ndege, lakini mpunga umekwisha na wameondoka.

Jumatano, 10 Septemba

Kesho napanda basi la Malindi. Asubuhi nilimtafuta Mama nyumbani na sikumpata. Alikuwa juu ya dungu, shamba limekatwa lote, hakuna punje ya kulinda. "Nenda kafunge mizigo," aliniambia. Nikiwa njiani nilimsikia anapiga, vibaya sana, ich bleibe, na kutoka ng'ambo Barwako akamwitikia.

Jumamosi, 13 Septemba, Mombasa

Mtihani wa maandishi ulikuwa wa wastani. Wa mdomo ulikuwa saa nane, chumba kina feni moja na mama mmoja wa Kijerumani mwenye miwani. Aliuliza jina langu, ninakotoka, kwa nini nataka kuwa muuguzi. Nilijibu kama nilivyofunzwa. Kisha akatabasamu na kuuliza kama nina ndugu.

Nilikuwa nimejizoeza kusema hapana, kwa sababu ndilo jibu fupi na halina maswali mengine nyuma yake.

"Ja," nilisema. "Ich habe einen Bruder." Ninaye kaka mmoja.

"Naye pia anakuja Ujerumani?"

"Nein. Er ist bei meiner Mutter geblieben."

Amebaki na mama yangu. Mtahini alitikisa kichwa kukubali, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akageuza ukurasa.